Mstari wa Bi Mkubwa

Siku ile lifti ya jengo la maduka ilikuwa imegoma tena, na ngazi zilijaa watu pomoni. Wanaopanda walisukumana na wanaoshuka, mabegi yakagongana na vikapu, mtoto wa mtu akaangua kilio. Pale kwenye kona ya ghorofa ya pili, ambapo kila mtu hutaka kupita upande wa ukutani, mfuko wa plastiki ukapasuka.

"Jamani, samaki wangu! Msikanyage! Nawaomba, msikanyage!"

Aliyepiga kelele alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye miwani iliyoteleza mpaka ncha ya pua. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi kifuani tu. Mgongoni lilijaa mikunjo kama karatasi iliyookotwa jalalani. Alikuwa amepiga magoti kwenye maji, akivua kwa viganja viwili, na kila alichokivua kilimponyoka.

Chini yake kidogo alisimama msusi. Gauni lake lilikuwa la rangi ya chungwa, limembana kiunoni na kumwachia magotini, na nywele alikuwa amezisuka mwenyewe kwa nyuzi nyeusi, ncha zote laini, sawasawa, kana kwamba zimepimwa kwa rula. Begani alibeba mfuko wa mabunda ya nyuzi. Mkononi alishika ndoo ndogo ya maji, kwa sababu bomba la saluni yake huko juu lilikuwa limekauka tangu asubuhi.

Hakungoja kuombwa. Alitua ndoo, akatanua mikono kuziba ngazi nzima.

"Simameni hapo hapo! Wewe baba mwenye viatu vikubwa, mguu juu! Juu, baba, kuna roho ya kiumbe hapo chini!"

Baba mwenye viatu vikubwa akasimama kwa mguu mmoja kama korongo. Watu wakacheka, na kwa kuwa walicheka, walisubiri. Msusi aliinama, na kwa vidole vilivyozoea kushika unywele mmoja mmoja akaviokota visamaki kutoka kwenye sakafu, kimoja baada ya kingine, na kuvitumbukiza ndooni. Vilikuwa vidogo kama kidole cha mtoto, ubavuni vina mstari wa fedha, mikia myekundu.

"Wametimia?" akauliza.

"Wametimia. Dada, Mungu akubariki. Lakini maji haya ni ya bomba? Yamelala?"

"Yamelala? Kwani umeona kitanda humo ndooni?"

"Namaanisha, yameachwa wazi hata kutwa moja? Ile dawa ya bomba huwaua."

"Kaka, umeokolewa dagaa wako, sasa unauliza godoro! Nilidhani umepoteza dhahabu, kumbe mboga."

"Si mboga. Ni wachumba." Alisukuma miwani juu, na kwa mara ya kwanza akamwona aliyekuwa akizungumza naye. Maneno yaliyofuata yalimtoka vipande vipande. "Yaani... kuna bibi mmoja nyumbani... amebaki peke yake. Hawa ni madume. Nimemletea achague."

"Bibi mmoja, wachumba wote hao!" Msusi akashika kiuno. "Na sisi wengine hata wa kubebewa kwenye mfuko hatuna."

"Huna?"

"Nirudishie ndoo yangu kesho, ghorofa ya tatu, mlango wa kijani. Mengine hayana haraka."

Kijana alirudisha ndoo kesho yake, imeoshwa ikang'aa. Akarudi keshokutwa kuuliza kama ndoo haivuji.

Watu wa jengo lile walimwita Fundi Miwani. Karakana yake ilikuwa nyuma ya duka la miwani mtaa wa pili, chumba chembamba chenye mashine ya kusaga vioo na vumbi jeupe kila mahali. Kutwa alikuwa akikata lenzi za macho ya watu asiowafahamu. Msusi alimpigia simu kila mchana wateja walipopungua.

"Haloo, mwenye macho manne. Umekula?"

"Nimekula sauti yako."

"Sauti haishibishi. Na Bi Mkubwa je, kapata mchumba?"

"Anawatazama tu. Kila mmoja anamtanulia mapezi, anamzunguka, anajitikisa, yeye anageuka upande."

"Ana akili. Mwambie asikubali mtu ambaye hajapiga pasi mgongoni."

Akacheka, na msusi alikipenda kicheko kile. Kilitoka kwa shida, kama mlango usiofunguliwa mara nyingi. Sababu aliijua siku alipokaribishwa nyumbani.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na jiko. Katika chumba cha mbele, penye dirisha kubwa, kulikuwa na kitanda, na mkabala wa kitanda, pa kufikiwa kwa mkono, tangi la kioo refu kama meza. Kitandani aliegemezwa Mzee, baba yake Fundi. Kiharusi kilikuwa kimemchukua nusu ya mwili na maneno yote. Ndevu zake nyeupe zilikuwa zimechanwa. Shati lake, tofauti na la mwanawe, lilikuwa limepigwa pasi mbele na nyuma.

"Shikamoo, Baba," msusi alisema, akapiga goti kidogo.

Mzee alifumba jicho moja, kisha akalifumbua. Hiyo ndiyo ilikuwa marahaba yake.

Dada yake Fundi, mwalimu wa watoto wadogo, mama mwenye mwili na sauti ya kufika uani, alikuwa ameshika bakuli la uji. "Karibu, wifi. Usishangae kuitwa wifi, huyu mdogo wangu kwa miaka hajaleta hata paka wa kike. Kaa hapa uone maajabu."

Maajabu yalikuwa haya. Kijiko cha uji kilisogea mdomoni mwa Mzee, na mdomo ukabaki umefungwa. Dada hakulazimisha. Alisubiri, kijiko hewani, macho kwenye tangi. Kutoka nyuma ya majani ya maji akajitokeza samaki mmoja mnene, rangi yake imepauka kwa uzee. Mstari wake wa fedha ulianzia jichoni, ukanyooka ubavuni, na karibu na mkia ukakatika, ukaacha pengo, kisha ukamalizia. Mzee aliinua mkono wake mzima, akaweka kidole kwenye kioo na kuufuata mstari ule. Penye pengo akainua kidole. Baada ya pengo akakirudisha. Ndipo mdomo wake ukafunguka. Kijiko kikaingia.

"Huyo ndiye Bi Mkubwa," Fundi alisema kwa sauti ya chini. "Baba amewafuga toka nikiwa mdogo, kizazi baada ya kizazi. Marehemu mama ndiye aliyemwona wa kwanza mwenye pengo. Akasema, huyu alipoumbwa, Mungu aliitwa kabla hajamalizia. Tangu hapo Baba akawa anazalisha wenye pengo tu. Walijaa tangi zima. Baba alipoanguka, mimi sikujua kuwatunza. Wamekwisha mmoja mmoja."

"Na hawa wapya?"

"Mstari wao umenyooka. Baba akiwatazama wao, hafungui mdomo. Nimejaribu. Hawa samaki hawaishi sana. Bi Mkubwa ameshapita umri wake. Akifa bila kuacha mtoto, sijui Baba atakula nini."

Msusi alimtazama Mzee, akamtazama samaki kizee aliyebeba uhai wa mtu mzima kwenye ubavu wake, na moyo wake, ambao mpaka siku ile ulikuwa unacheza tu, ukatulia mahali pamoja.

"Basi azae," alisema. "Anahitaji nini?"

Bi Mkubwa alihitaji mahali laini pa kuachia mayai. Samaki wale huyatawanya popote, kisha huyageukia na kuyala, dume na jike, bila aibu. Mzee alikuwa akitumia majani, lakini majani yalikuwa yameoza. Msusi akafungua mfuko wake, akatoa bunda la nyuzi za kijani zilizokuwa zimemkalia saluni bila mteja, akazikata, akazikunja na kuzifunga katikati mpaka zikawa shada zito kama kichwa kilichofumuliwa. Akaitisha maji ya moto, akachovya ncha zote, kama anavyomaliza kila kichwa, ili zisifumuke. Zilipopoa akazisuuza na kuzizamisha ndani ya tangi.

"Bi Mkubwa, karibu saluni," akasema.

Wote wakacheka. Hata Mzee, upande mmoja wa mdomo.

"Mkunga wangu," Fundi alimnong'oneza walipokuwa wakiagana mlangoni, na jina likamganda. Mkunga wangu umeamkaje. Mkunga wangu leo umevaa nini. Leo nimevaa blauzi ya zambarau, ile yenye vifungo mgongoni. Basi nitakata lenzi zote kombo.

Wakapendana hivyo, katikati ya uji na maji yanayolala ndooni. Msusi alizoea kwenda kwao baada ya kazi, akamchana Mzee ndevu na kumhadithia umbea wa saluni nzima, nani kaachwa, nani karudiwa. Dirishani Fundi aliweka chupa pana ya kioo yenye maji yaliyoachwa juani mpaka yakawa ya kijani. Humo, alisema, mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na ndicho chakula cha watoto watakapoanguliwa, maana midomo yao ni midogo kuliko tundu la sindano.

Hatimaye simu ikalia saluni asubuhi.

"Mkunga wangu! Amekubali!"

"Nani amekubali?"

"Bi Mkubwa! Tangu alfajiri anacheza na yule dume mwenye mkia mpana. Wanaingia kwenye shada, wanatetemeka ubavu kwa ubavu, wanatoka, wanaingia tena. Baba amekula bakuli zima! Sikiliza, nina kazi mpaka jioni na dada yuko shuleni. Ukienda mchana kumlisha Baba, toa lile shada, uliweke kwenye beseni jeupe jikoni. Maji nimeshayatia, yamelala. Likibaki humo watayala."

"Nitalitoa. Na wewe usikate kidole kwa furaha."

Alikwenda. Alitoa shada kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto. Mayai hakuyaona, yai la samaki yule ni tone angavu, dogo kuliko chembe ya chumvi. Alichokiona ni nyuzi zilizoingia utelezi, uchafu wa tangi umenata kila mahali, ncha nyingine zimefumuka. Mkono wa kazi ukafanya unachokijua. Alisimama dirishani penye mwanga, akatoa mkasi mkobani na kupunguza ncha zilizochakaa. Vipande vikadondoka, vingine sakafuni, vingine kwenye ile chupa pana ya maji ya kijani. Kisha, kwa kuwa birika la maji ya uji wa Mzee lilikuwa linachemka, na kwa kuwa watoto wa Bi Mkubwa walistahili kuzaliwa pasafi, akalimwagia shada lile maji ya moto, juu mpaka chini. Nyuzi zikalala laini, nzuri, kama kichwa cha bibi harusi. Zilipopoa akaliweka kwenye beseni.

Mzee alimwona kutoka kitandani, kupitia mlango wa jikoni uliokuwa wazi. Alitoa sauti, sauti nzito ya kooni, akapiga godoro kwa mkono.

"Naam, Baba, nami nimefurahi," msusi alimwambia. "Subiri, uji unapoa."

Jioni Fundi aliinama juu ya beseni na lenzi yake. Aliona mayai. Yalikuwa mengi kuliko alivyotarajia, yameshikamana na nyuzi kila mahali, na yote yalikuwa meupe, magumu, kama ute wa yai uliopikwa. Akaugusa uzi, ulikuwa umenyooka kwa namna aliyoiona mara moja tu, siku ya kwanza ya shada.

"Vipi?" msusi aliuliza nyuma yake, uso umeng'aa. "Mkunga kafanya kazi?"

Fundi akageuka. Msusi alikuwa amevaa ile blauzi ya zambarau.

"Umefanya kazi nzuri, mpenzi," alisema.

Palepale ndipo mambo yalipoharibika, ingawa hakuna aliyepandisha sauti.

Siku kadhaa zikapita, Fundi akamwambia kwamba mayai hayakuanguliwa, kwamba uzee wa Bi Mkubwa huenda ndio sababu. Alimficha kwa mapenzi. Lakini aliyeficha jambo moja hulazimika kuficha na yanayolizunguka. Msusi alipotaka kushika tangi, aliambiwa, "Acha, nitafanya mimi." Alipotaka kwenda mchana kumlisha Mzee, "Usijisumbue, dada atakwenda." Shada jipya akalitengeneza Fundi mwenyewe, vibaya, na Bi Mkubwa hakulisogelea tena. Simu zikawa fupi.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Sauti yangu haikushibishi siku hizi?"

"Nimechoka tu, mkunga wangu."

Msusi akaanza kusimama mbele ya kioo cha saluni akijitazama kama bidhaa iliyokosa mteja. Alibadili mtindo wa nywele. Alinunua viatu vyenye kisigino. Fundi alivisifia bila kuviangalia. Kuna mwanamke, msusi alijiambia. Macho manne hayo yamepata pa kuangalia.

Jibu lilikuja limekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Dada yake Fundi alikuja kusukwa, akiwa na kanga ya maua makubwa mabegani. Kwa muda mrefu walizungumza habari za shule. Kazi ilipokwisha, msusi akaleta bakuli la maji ya moto, akaanza kuchovya ncha.

"Taratibu, wifi," dada akasema huku akicheka. "Hiki ni kichwa changu, si mayai ya Bi Mkubwa."

Mikono ya msusi ikasimama. "Mayai gani?"

"Si yale uliyo..." Dada akainua macho, akauona uso wa msusi kwenye kioo. Kicheko kikamfia mdomoni. "Wifi. Hakukuambia?"

Maji yalipoa bakulini. Dada aliondoka na ncha nusu zimechovywa, nusu zimefumuka, bila kudai. Msusi akafunga mlango wa kijani kwa ndani na kupiga simu.

"Mkunga wa..."

"Usiniite hivyo! Usithubutu kuniita hivyo tena."

Upande wa pili mashine ya kusaga ikazimwa.

"Dada amekuambia," Fundi alisema.

"Watoto wote wa Bi Mkubwa nimewachemsha mimi. Mimi! Na wewe ukanitazama usoni ukasema nimefanya kazi nzuri. Nimewahadithia wateja saluni nzima, jamani, mimi ni mkunga. Na Mzee alinipigia godoro, nikadhani anafurahi! Alikuwa ananiambia acha!"

"Nilijua utaumia."

"Kwa hiyo ukaamua kuumia peke yako, mimi nibaki mjinga mwenye furaha?"

"Sikutaka ujue kwamba..."

"Kwamba baba yako atakufa kwa sababu yangu. Sema."

Upande wa pili mashine ikawashwa, ikazimwa tena.

"Nilidhani una mwanamke mwingine," msusi akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imechoka. "Bora ungekuwa naye. Mwanamke ningepigana naye. Kimya nitapigana nacho vipi?"

Akakata. Namba ya Fundi akaifungia. Gauni la chungwa akalikunja na kuliweka chini kabisa ya sanduku. Kazi aliendelea nayo, lakini kila alipochovya ncha kwenye maji ya moto aligeuza uso pembeni.

Siku moja baada ya Bi Mkubwa kufa, Fundi alipiga kwa simu ya dada yake.

"Ni mimi. Usikate. Bi Mkubwa ameondoka. Tumemkuta chini, kwenye changarawe." Akavuta pumzi. "Baba hafungui mdomo. Tangu jana. Dada amelia, mimi nimemwimbia, hafungui. Amegeukia ukutani. Wewe alikuwa akikusikiliza."

"Nakuja kwa ajili ya Mzee," msusi alijibu. "Unaelewa? Kwa ajili ya Mzee."

"Naelewa."

Alifika amevaa sketi nyeusi na kitambaa kichwani. Hakumpa Fundi mkono. Akaketi kitandani na kumchana Mzee ndevu, akamhadithia habari za saluni, nyingine alizitunga. Akasogeza kijiko. Mdomo ulikuwa mstari uliofungwa.

"Nisamehe, Baba," akasema mwishowe, taratibu, karibu na sikio. "Sikujua. Mkono ulizoea."

Mzee alifumba jicho moja, akalifumbua. Lakini mdomo haukufunguka.

Msusi akainuka ili asilie mbele yake. Mikono ilitaka kazi. Alifuta vumbi dirishani. Alikunja pazia. Akaichukua ile chupa pana, iliyosahaulika hapo tangu mayai yalipoharibika, akaipeleka jikoni kuimwaga. Ndani yake vipande vya uzi vilielea, vimeota ukijani. Alikuwa ameshaiinamisha juu ya sinki pale kitu kama kope la jicho kiliposogea kwenye kioo. Kikasimama. Kikasogea tena, kinyume na maji yalivyokuwa yakienda.

"Fundi!" Alisahau kwamba hawasemezani. "Lete lenzi! Kimbia!"

Walitazama wote wawili, mashavu yakikaribia kugusana. Alikuwa mtoto wa samaki. Macho mawili makubwa, tumbo dogo la fedha, mkia usioonekana. Wakatafuta wa pili. Wakatafuta mpaka macho yakauma. Alikuwa mmoja tu.

"Ncha," msusi alinong'ona. "Nilizikata kabla ya maji ya moto. Yai moja lilikuwa kwenye ncha."

Fundi alishusha lenzi. Machozi yalikuwa yamejaa miwani.

Waliipeleka chupa kitandani, wakaiinua mkabala wa dirisha. Mzee aligeuka kutoka ukutani polepole sana. Alitazama. Kidole kikapanda, kikagusa kioo pale kope lile lilipokuwa. Na mdomo wake ukafunguka.

Nje, uani, Fundi alimsimamisha. "Siombi uniite mpenzi. Naomba tu unisamehe."

"Mimi niliwakosea samaki, wewe ukanikosea mimi. Samaki nitawalilia mpaka nizeeke." Akamnyooshea kidole kifuani. "Lakini wewe, usinifiche tena. Hata nikiwa nimevaa zambarau. Hata nikiwa nacheka."

"Sitakuficha."

"Na shati lako lina mikunjo mgongoni."

"Mgongoni sijioni."

"Ndiyo maana unahitaji mtu," alisema, na gauni la chungwa likatoka sandukuni siku iliyofuata.

Wakaishi wiki zile kama watu waliopewa mkopo wa jua. Mtoto alikua. Walimwita Mrithi, wakampa kwanza maji ya kijani, kisha unga wa kiini cha yai, kisha wakamhamishia tangini. Mzee alikula, si sana, ila alikula, macho yakimsubiri mdogo yule aote mstari. Maana mtoto huzaliwa hana; mstari huja baadaye, kidogo kidogo, kutoka jichoni kwenda nyuma.

Simu ililia mchana, msusi akiwa na mteja.

"Mpenzi, umekaa?"

"Nimesimama, nasuka. Kuna nini?"

"Mstari umetoka." Sauti ya Fundi ilikuwa tulivu, na utulivu ule ndio uliomtisha. "Nimemwangalia kwa lenzi mara nyingi. Umenyooka. Umefika mkiani bila pengo. Amefuata baba yake."

Msusi akaweka chanuo chini.

"Umemwonyesha Mzee?"

"Nimekuambia wewe kwanza."

Akafumba macho. Habari mbaya kuliko zote, na bado kifuani mwake kitu kilifunguka. Alikuwa ameambiwa.

Jioni walisimama jikoni wakinong'ona.

"Tunaweza kumsogeza Mrithi upande wa majani," Fundi alisema. "Baba aone kinachocheza tu, asione ubavu. Ataendelea kula."

"Mpaka lini?"

"Mpaka pale atakapo..."

"Ulinifanyia mimi hivyo," msusi akasema kwa upole. "Nilikuwa na furaha nzuri sana. Sikuitaka tena baada ya kujua."

Hawakulazimika kuamua. Walipoingia chumbani Mzee alikuwa ameinua kidole. Mrithi alikuwa ametulia mkabala naye, karibu kabisa na kioo, kijana mwenye mkia mwekundu. Kidole kikaanzia jichoni, kikapita ubavuni, taratibu, kikafika mahali pa kuinuka. Hakikuinuka. Kikateleza mpaka mkiani na kuendelea mpaka mwisho wa kioo, kana kwamba bado kinatafuta. Kisha kikashuka, kikatua juu ya mkono wa msusi, kikabaki hapo.

"Baba," Fundi akasema, na uji ulikuwa tayari. "Baba, hata kidogo."

Mzee alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, bila hasira. Upande mmoja wa mdomo ukainuka, kama siku ile ya shada. Ukarudi, ukafungwa. Hakugeukia ukutani safari hii. Aliwatazama samaki wenye mistari iliyonyooka, wote sawa, kama mtu anayetazama mtaa aliokulia baada ya nyumba zake kubomolewa. Kijiko hakikuingia siku ile, wala zile zilizofuata. Daktari alikuja, akapima, akaongea na dada mlangoni kwa sauti ya chini. Mzee akaondoka asubuhi moja kimya kimya, ndevu zake zimechanwa.

Waombolezaji walipokwisha kutawanyika na viti vya kuazima kurudishwa, chumba cha mbele kilibaki na kitanda kisicho na shuka na tangi lenye taa. Dada alikuwa amelala chumba cha pili. Fundi alikaa sakafuni, shati lake jeusi limepigwa pasi mbele na nyuma. Msusi ndiye aliyelipiga.

"Nilitaka nikuombe akiwa bado anasikia," alisema. "Nimechelewa hata hilo. Nataka uwe mke wangu. Sina kitu kizuri cha kukuahidi."

"Utaniambia kila kitu?"

"Hata kibaya."

"Hasa kibaya." Akaegemeza kichwa begani kwake. "Ndiyo. Nitakuwa mke wako."

Hawakukumbatiana. Walikaa. Ndani ya tangi, Mrithi alikuwa ametanua mapezi yake mbele ya jike mmoja mgeni aliyenunuliwa majuzi, akimzunguka, akijitikisa. Jike aligeuka pembeni, kisha akageuka tena.

"Hata wakizaa," Fundi alisema, "si wale. Pengo lile halirudi."

"Huenda likajificha ndani ya mmoja wao?"

Alitaka kusema huenda. Msusi aliliona neno likimjia mdomoni, na akamwona akilimeza.

"Sidhani," alisema.

"Haya."

Akavuta mfuko wake. Akatoa bunda la mwisho la nyuzi za kijani, akakata, akakunja, akafunga katikati. Jikoni birika lilikuwa limeanza kuchemka kwa ajili ya chai, na mkono wake, mkono uliozoea, uligeuka upande ule. Akaurudisha. Akatumbukiza shada ndani ya maji vilevile lilivyo, akaziacha ncha zifumuke.